Mguu Usioshikwa

Kwa wiki sita mume wangu aliunyanyua mguu wangu wa kushoto kila asubuhi kabla ya chai. Mimi nalala chali mkekani, yeye anakamata kisigino na kukisukuma polepole mpaka vidole vinaelekea usoni kwangu. "Unaona?" ananiambia. "Umelainika." Nilimwamini. Kufundisha watu mazoezi ndiyo kazi yake, na mimi ni askari wa zimamoto niliyeanguka kutoka kwenye ngazi, nikavunjika nyonga, nikahamishiwa meza ya simu.

Kurudi kwenye ngazi kulihitaji mtihani. Unasimama umekumbatia mpira wa maji uliokunjwa, unanyanyua mguu ulionyooka hadi mstari uliochorwa ukutani usawa wa kiuno, unaushikilia hewani sekunde kumi. Ukivuka kutoka kwenye ngazi kuingia dirishani, mikono ina kazi yake. Mguu lazima ujipeleke. Ukishindwa, meza ya simu ni yako mpaka kustaafu, na mimi kukaa kitako mchana kutwa ni adhabu.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, nilijigamba mbele ya Kijiko, mwenzangu wa ngazi. Nikaegemea gari, akaunyanyua mguu wangu hadi begani kwake bila shida.

"Mpanda ngazi hushuka, kumbe na kupanda tena hupanda," alisema. "Haya, naachia. Ubaki hapo hapo."

Akaachia. Mguu ukaanguka kama gogo. Tulijaribu mara tatu. Nikiunyanyua mwenyewe, ulifika usawa wa goti ukagoma.

Kijiko hakucheka, na huyo hucheka hata msibani. "Mguu unafika ukipelekwa," akasema. "Nguvu ya kwenda wenyewe hauna. Kunyooshwa na kujinyanyua ni vitu viwili. Shemeji hajakwambia? Si ndiyo kazi yake?"

Nilirudi nyumbani kwa hasira. Nilimkuta mume wangu anapiga pasi.

"Ulijua kwamba kunivuta tu hakutoshi?"

Akamalizia kola. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Akaisimamisha pasi. "Siku ile ulipoanguka, mke wangu, hawakunipigia kuniambia umeumia. Walinipigia niende mochwari nikamtambue mtu."

Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza. Papo hapo nikamhurumia, na huruma ile ikanikasirisha zaidi.

"Kuanzia kesho usiniguse mguu," nilimwambia.

Nikajifundisha. Nilikaa sakafuni miguu imenyooka mbele, viganja chini, nikivusha kisigino juu ya kikombe, kwenda na kurudi. Nilisimama mgongo ukutani, nikapandisha goti, nikanyoosha, nikahesabu. Sekunde mbili. Nne. Paja lilikaza mpaka nikauma taulo. Yeye alipita mlangoni na mswaki mdomoni. Siku moja kabla ya mtihani nilifika tisa. Kumi sikuwahi kuiona.

Mtihani ulifanyika asubuhi kwenye uwanja wa kikosi. Mguu wa kulia haukunisumbua. Wa kushoto ulipopita juu kidogo ya mstari, mkuu wa zamu akaanza kuhesabu kwa uvivu wa makusudi. Sita, paja likaanza kutetemeka. Nane, jasho likanifumba macho. Tisa, kisigino kikashuka taratibu mpaka kikalala juu ya rangi ya mstari wenyewe, nami nikakibembeleza pale pale kisiteremke zaidi.

"Kumi."

Akaandika. "Nani alikufundisha?"

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye uzio, hatua tano tu kutoka kwangu.

"Mwenyewe," nilisema, kwa sauti ya kumfikia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye kabeba begi langu. Nilimpenda, na nilikuwa bado sijamsamehe. Kwenye kona ya mwisho akaniuliza naanza lini.

"Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi niwe kwenye ngazi."

Akalihamishia begi kwenye bega la pili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi nitakuamsha saa kumi na moja," alisema.