Waya wa Vugo

Bibi Mwanatumu hakuwa mwepesi wa kuahidi, lakini jambo moja alikuwa ameliahidi mbele ya nyumba nzima: kwamba Mwanaesha, mjukuu wake wa kwanza, akiolewa, vugo lake ataliongoza yeye. Miaka mingi mtaa wa Shella, pale Malindi, haukujua arusi isiyotangazwa na sauti yake. Alasiri ya kuamkia arusi wanawake hutoka na pembe zao za nyati, wakazigonga kwa vijiti na kupita mlango kwa mlango wakialika watu; na mbele yao hutangulia mwimbishaji, ambaye hutoa ubeti nao wakamwitikia kwa vinywa na kwa pembe. Mwimbishaji huyo alikuwa Bibi. Kisha mwaka uliopita akapasuliwa koo. Alipona, alhamdulillahi, ila sauti aliyoachiwa ilikuwa ya kutosha chumba kimoja, tena kikiwa kimefungwa madirisha.

"Si neno, mama," shangazi yake Mwanaesha alimwambia. "Tutapiga nyimbo za kwenye simu."

Bibi aliingia chumbani mwake, akaitungua pembe yake ukutani, akaitia chini ya kitanda.

Amal, mdogo wake bibi arusi, aliona. Alikuwa akisomea uhandisi wa umeme chuoni Kilifi, mwaka wa tatu, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba elimu isiyomfaa mtu wa nyumbani kwao ilikuwa bado haijakamilika. Usiku huo hakupata usingizi, na kulipokucha alikuwa na shauri tayari. Bibi akae kiti cha mbele katika gari la Habib, kaka yao. Aimbe kwenye simu, simu iunganishwe na redio ya gari, na sauti itokee kwenye spika kubwa za buti, nyuma ya gari, mlango wa buti ukiwa wazi na wanawake wakifuata nyuma. Spika za mbele zizimwe, sauti isije ikairudia simu na kupiga mayowe.

"Na simu tutaiunganisha kwa waya," alimaliza.

"Waya!" Habib alikuwa akiifuta redio yake kwa kitambaa kama mtu apanguzaye uso wa mwana. "Redio mpya, ina blututhi, nawe waniletea kamba ya kuanikia nguo?"

"Sauti ikipita kwenye waya hufika kama ilivyotoka. Ikirushwa hewani hukamuliwa kwanza, ikapungua, ndipo ikarushwa. Huwezi kumkamua Bibi."

"Bibi si ndimu. Haya, fumba macho tukupime hayo masikio."

Amal alifumba. Habib alipiga kaswida ileile kwa njia zote mbili, akizibadilisha atakavyo, injini ikinguruma na kuku wa jirani wakiparuza uani. Amal alisikiliza kwa makini ya mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alikosea kwa kujiamini zaidi. Bibi, aliyekuwa barazani akichambua asumini za arusi, alicheka hata akakohoa.

"Mwanangu, masikio yako nayo yamo mwaka wa tatu, au yangali chekechea?"

Amal alicheka pia, ijapokuwa uso ulimuwaka. Alikuwa ameshindwa kwa haki, na kwa kuwa siku zote alidai kwamba jaribio lina nguvu kuliko maneno, hakuona njia ya kulikana lililomshinda yeye. Wakakubaliana: blututhi.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, walifanya mazoezi kichochoroni nyuma ya nyumba. Wanawake walikuja na pembe zao. Miongoni mwao alikuwa Sidi, rafiki wa Amal aliyekaa naye chumba kimoja chuoni, mzaliwa wa Ganze. Hakuwa amepata kushika pembe ya vugo kabla ya juma hilo, lakini alikuwa amejifunza kwa bidii hata vidole vikatoka malengelenge.

"Shikamoo, Hawe," alimwamkia Bibi dirishani mwa gari, kwa neno wanalomwitia bibi kwao.

"Marahaba, mjukuu wangu. Simama nyuma karibu na buti, unisikie vizuri."

Habib aliliondoa gari polepole. Bibi, pembe ya kuazima mapajani, aliisogeza simu mdomoni, akatoa:

*Enyi wa Shella tokani, arusi yapita njia!*

Na sauti ikatoka butini, pana, nzito, ile ya zamani. Shangazi alipiga kigelegele. Pembe zikaitika, na papo hapo zikatengana: za mbele, zilizo kando ya dirisha la Bibi, zikagonga, za nyuma zikagonga baadaye kidogo, kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja. Bibi alisikia sauti yake ikimfuata kwa nyuma, akapunguza mwendo ili aingoje. Nayo ikazidi kuchelewa. Akapunguza tena. Kabla ya kufika mwisho wa kichochoro, vugo lilikuwa likikokota miguu kama watu wanaorudi makaburini.

"Simamisheni!" shangazi alisema, akageuka nyuma. "Nani huyo anayelala? Ni huyu mgeni. Mwana, pembe si kinu cha mahindi, haigongwi unapojisikia!"

"Nagonga ninavyosikia, mama," alisema Sidi, machozi yakimlengalenga.

"Basi wasikia vibaya."

Walijaribu tena, ikawa vilevile. Sidi aliishusha pembe yake. Bibi naye alimrudishia Amal simu.

"Muache mtoto wa watu. Kosa si lake, ni langu, nimekwisha kuzeeka. Kesho pigeni hizo za kwenye simu."

Akaanza kupapasa kitasa cha mlango. Amal, aliyekuwa kiti cha nyuma, alimwona Sidi kupitia buti lililo wazi, na swali likamjia: Sidi alikuwa karibu na spika kuliko wote. Alisikia nini ambacho wa dirishani hawakusikia?

"Bibi, usishuke. Tafadhali. Gonga pembe mara moja, karibu na simu. Mara moja tu, na kila mtu anyamaze."

Bibi aligonga. *Ko*, ikalia mkononi mwake. *Ko*, ikalia butini.

Kichochoro kizima kilisikia. Pembe moja, mapigo mawili.

"Gonga tena," akanong'ona shangazi.

*Ko. Ko.*

"Ni blututhi!" Amal aliruka hata akagonga kichwa kwenye paa la gari. "Huikusanya sauti, huifungasha, huituma, kisha redio huifungua. Yote hayo yataka muda. Wimbo uliokwisha kurekodiwa ukichelewa, nani atajua? Lakini Bibi yu hai! Wa mbele wanaufuata mdomo wake, Sidi anaifuata spika. Sidi hakukosea hata pigo moja. Ndiye aliyeshika sawasawa kuliko sote."

Shangazi alimtazama Sidi, akatazama chini, kisha akautoa mtandio wake mwenyewe na kumfuta mashavu. "Haya, mwanangu, nisamehe. Kumbe ulikuwa ukiongoza, sisi tukikuita usingizi."

"Leta hiyo kamba ya nguo," alisema Habib.

Waya ukachomekwa, na hapo hapo redio ikaanza kulia mluzi mwembamba uliopanda kila Habib alipokanyaga mafuta. Habib aling'aa kwa furaha. "Hii ndiyo sauti safi? Hata mbu wa Mida hawalii hivi!" Amal aliinama, akafuata waya mpaka kwenye simu, akaona: simu ilikuwa imechomekwa chaja ya gari pia, na kelele za umeme wa injini zilikuwa zikipenya humo. Akaing'oa chaja. Mluzi ukakatika.

Bibi alijaribu ubeti mmoja. Mdomo na spika vikasema pamoja. Aliweka mkono kifuani.

"Sasa naisikia iko mahali pake," akasema. "Amal, kaniletee pembe yangu mwenyewe, iko chini ya kitanda. Hii ya kuazima hainijui."

Siku ya vugo lenyewe, simu ilikuwa imejaa chaji tangu asubuhi, na Amal alikaa kiti cha nyuma, mkono ameupitisha mbele kuushikilia waya usichomoke, maana tundu la redio lilikuwa limelegea. Hakuliona vugo, aliliona bega la Bibi tu. Lakini alisikia milango ikifunguka, alisikia kina mama waliodhani hawataisikia tena sauti ile wakiita, "Ni yeye! Wallahi ni yeye mwenyewe!"

Kwenye kona ya msikiti Bibi hakuweza kujizuia. Aligeuka na kutoa kichwa dirishani awaone wanawake wake, simu ikaenda naye, na waya ukachomoka. Sauti ikakatika katikati ya neno. Amal aliganda. Lakini nyuma, karibu na buti, pembe moja iliendelea bila kuyumba, ya shangazi ikaidaka, na zote zikafuata, zikilishika pigo kama watu waliobeba kitu cha thamani. Amal alipapasa, akachomeka. Bibi akaingia palepale pembe zilipomngojea, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

"Blututhi haichomoki," Habib alisema, akitazama njia.

"Nyamaza, uendeshe," Bibi akamwambia, kisha akaisogeza simu mdomoni na kuanza ubeti mwingine.