Gogo la Makarius kwenye Lami

Mume wangu Makarius ana kichwa kigumu, na mimi nina mdomo. Asubuhi ile tulifika navyo vyote viwili juu ya mteremko, pamoja na mikungu sita ya ndizi kwenye baiskeli yake, ya kupeleka sokoni Kasulu.

Huku kwetu Titye, anayeshuka na mzigo hufunga gogo nyuma ya baiskeli kwa kamba. Gogo linaburuzwa, linakwaruza changarawe, baiskeli inashuka taratibu. Baba mkwe alishuka hivyo miaka thelathini. Lakini mwaka huu mteremko umewekwa lami, na Makarius alikuwa hajaushuka na mzigo tangu hapo.

Nikamwambia gogo halitashika, lami ni laini. Mimi nafundisha fizikia sekondari, jamani, sibuni. Akanijibu amechoka kufanywa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ndani ya nyumba yake. Nikamwambia haya, nenda, utajijua mwenyewe. Akapanda, akaenda.

Nguzo za umeme pale zimeachana mita hamsini. Nikatazama saa, mazoea yangu yanayomkera sana. Mpaka nguzo ya kwanza, sekunde kumi na mbili. Nikajisemea labda mjinga ni mimi. Mpaka ya pili, sekunde tano. Umbali ni uleule, muda unapungua: kasi yake ilikuwa inaongezeka, ndio mchapuko huo ninaouandika ubaoni kila mwaka. Gogo lilirukaruka tu nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Akashusha miguu, viatu vikaburuzika kwenye lami, wapi. Chini kuna kona, halafu daraja jembamba, na lori la mahindi lilikuwa linaingia darajani.

Kasi asingeweza kuipunguza tena. Kilichobaki mikononi mwake ni mwelekeo. Kushoto, kabla ya kona, barabara ya zamani ya changarawe inachepuka kupanda kanisani.

"Baba Winnie! Kata kushoto! Ingia changarawe!"

Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Niliogopa, sijapata kuogopa vile. Mtu niliyemchosha kwa kumfundisha, leo angenisikiliza kwa lipi? Akaikaribia nguzo ya tatu.

Nikasikia kishindo, kisha honi ya lori ikipita. Nikakimbia.

Nilimkuta ameketi kwenye barabara ya zamani, goti limechunika, ndizi zimetapakaa. Nyuma yake gogo lilikuwa limechimba mfereji mrefu kwenye changarawe. Nilitaka kumtukana, kilio kikanitangulia.

"Mama Winnie," akasema, "nguzo ya tatu ilikuwa sekunde ngapi?"

"Sijui. Nilifumba macho."

"Mimi nilikuwa nangoja useme nikate wapi," akasema. "Nilijua huwezi kunyamaza."

Tukaokota ndizi. Akalifungua gogo kwa mikono yake, akaliacha pale. Tulishuka kwa miguu, yeye kashika usukani, mimi nyuma nimeikaza ile kamba ya gogo.