Chumba cha Momanyi

Mimi safari ile sikuitaka tangu mwanzo, na Shija anajua, maana nilimwambia mbele ya watu. Shija ni shemeji yangu, mume wa pacha wangu Kulwa. Akaja na wazo lake: tukodi gari pale Mwanza, tuvuke mpaka Sirari, tuzunguke Kenya watu wazima watatu na mtoto mmoja, tukilala kwenye nyumba za kupangisha wageni badala ya hoteli. "Tutajipikia, tutakaa kama kwetu," anasema. Kama kwetu! Nyumba ya kwanza, kule Nyamarambe, magodoro yalikuwa na unyevu na ufunguo tuliupata giza linaingia. Nikanuna. Kulwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Dotto, wewe hata peponi utaomba ubadilishiwe chumba."

Nyumba ya pili ilikuwa Manga, juu kabisa kwenye safu ya vilima, katikati ya chai na migomba. Tulifika Ijumaa alasiri. Mwenyewe anaitwa Momanyi, yuko Uarabuni kikazi. Mkewe Gesare ni nesi Nakuru, na ndiye tuliyepanga naye kwa simu. Nyumba imejengwa ndani ya boma la wazazi wa Momanyi, kwa hiyo aliyetupokea ni mama mkwe wa Gesare, Nyanchama, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Mumewe, Mzee Ogari, alitusalimia akiwa amesimama nje kwenye nyasi. Nikamkaribisha ndani kwa heshima zote, akatabasamu akatingisha kichwa. Nikajisemea, huyu mzee ana maringo.

Wale ni Wasabato. Jua linapozama Ijumaa, kazi zimekwisha mpaka Jumamosi jioni, na moto wa kupikia hauwashwi. Nyanchama alituhurumia sisi wageni, akatuwashia jiko kubwa la makaa mapema, akaliweka barazani, juu yake sufuria ya chai na nyingine ya ndizi na maharage. "Makaa haya mtaongeza tu wenyewe, chakula kisipoe," akasema. "Lakini jiko likae hapa nje." Sisi tulidhani anaogopa masizi kwenye kuta zake nyeupe. Watu wa Mwanza, joto mwaka mzima, nani kati yetu amewahi kulala na moto chumbani?

Asubuhi ya Jumamosi Manga ilikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma meno. Wenye boma walishuka kanisani, majirani wote wakashuka. Shija akasema twende tukatazame genge maarufu la huko, siku ikiwa safi unaliona ziwa. Kulwa akakataa. Mtoto wao, Limi, alikuwa anakohoa, na Kulwa mwenyewe alikuwa amejikunyata ndani ya mablanketi mawili. Nikamwachia chai, nikamwambia afunge mlango maana tupo ugenini. Naam, mimi ndiye niliyemwambia.

Kule gengeni hatukuona ziwa wala kidimbwi, ukungu mtupu. Nikamwambia Shija ametuleta kutazama pamba. Akanijibu vibaya, nikamtolea uvivu, nikageuka kurudi peke yangu kwa miguu huku nikibwata njia nzima.

Nilipofika barazani niliona sufuria zimewekwa chini sakafuni. Jiko halikuwepo.

Nikaingia. Mlango wa chumba walichopewa Kulwa na Shija, chumba kikubwa, chumba chenyewe cha Momanyi na Gesare, ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nikabisha. "Kulwa, fungua, nimerudi, huyo mumeo leo nimemshindwa." Kimya. Nikabisha kwa ngumi. Kulwa ana usingizi mwepesi, panya akipita anaamka. Nikaita Limi. Hata kikohozi chake sikukisikia.

Nikazunguka nje dirishani. Pazia halikufunga vizuri, nikachungulia. Pacha wangu amelala chali kitandani, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Mtoto yuko ubavuni kwake, upande wa dirisha. Jiko liko pembeni ya kabati, makaa mekundu. Nikagonga kioo, nikapiga kelele, hakuna hata aliyetikisa kidole.

Namba ya Gesare ilikuwa kwenye simu yangu. Napiga, haipokelewi. Napiga tena. Akapokea.

"Dada, wamelala hawaamki! Wamefunga mlango, kuna jiko ndani!"

"Jiko la makaa? Ndani ya chumba?" Sauti yake ikabadilika. "Sikiza. Hayo makaa yanaua. Vunja dirisha sasa hivi, hewa iingie. Vunja!"

Nikaokota jiwe nikavunja. Vioo vikaingia ndani, hewa nzito ikanipiga usoni, kichwa kikanizunguka. Lakini dirisha lilikuwa na nondo. Nyumba zote siku hizi zina nondo, watu wanaogopa wezi. Nikapenyeza mkono mpaka begani, nikashika blanketi la Limi, nikamvuta taratibu, nikamnyanyua mpaka uso wake ukagusa nondo. Kichwa hakipiti. Nilijaribu hivi, nilijaribu vile, jamani, kichwa cha mtoto hakipiti! Nikampulizia usoni, nikamfinya. Akatoa sauti ndogo. Alikuwa hai. Na Kulwa alikuwa pale pale, mbali na mkono wangu, nikimwita jina lake lote na la baba yetu.

Fikiria. Nikimwachia mtoto, anarudi kwenye ule moshi usioonekana. Nikibaki naye, dada yangu anakufa nikimtazama. Nikapiga yowe. Kutoka bondeni zilinijibu nyimbo za kanisani, wanaimba kwa nguvu zao zote, nani atanisikia? Nikavua kanga kiunoni, nikapitisha kwenye nondo, nikamfunga Limi uso ukielekea nje, kwenye manyunyu, nikakaza fundo kwa meno. Nikageuka nikimbie, nisijue niendako.

Mzee Ogari alikuwa amesimama nyuma yangu na mtaimbo mkononi. Hakwenda kanisani siku hiyo, mguu ulikuwa unamsumbua. Alisikia kioo kinavunjika akadhani wezi.

Nikamweleza huku nalia. Akatazama dirishani mara moja, akageuza uso haraka. Akaanza kupiga nondo kwa mtaimbo, cheche zinaruka, simenti inatoka vipande vidogo vidogo. Zile nondo zilikuwa zimechimbiwa kwenye zege. Zisingetoka leo.

"Mlango, baba! Mlango wa chumba, twende ndani tuuvunje!"

Tukazunguka mpaka barazani. Mimi nikaingia. Yeye akasimama kwenye ngazi.

"Njoo!"

"Mama, mimi siwezi ingia humo."

"Huwezi nini?"

"Hii nyumba ni ya kijana yangu. Ameoa. Hicho ni chumba ya bibi yake." Akashika nguzo ya baraza. "Baba haingii. Tangu waweke mabati mimi sijaingia hapa."

Nilimshika shati. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa watu, nayajutia moja moja, lakini wakati ule ningemwambia yeyote. Nilimwita muuaji. Machozi yanamtoka tu, na mguu wake hausogei. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kwa Wakisii hilo si jambo dogo. Wanaita chinsoni, ile heshima ya kuepukana kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba akikanyaga chumba cha mwanawe na mkwewe amejivua nguo mbele ya ukoo mzima, lazima akiri kwenye kikao cha wazee ndipo atakaswe, na bado watu hawasahau. Kumbe na kule kukataa kwake kuingia jana yake hakukuwa maringo. Mimi nilikuwa nayajulia wapi?

Nikamnyang'anya mtaimbo. Nikapiga mlango. Mbao ngumu, mtaimbo mzito, unarudi na kunipiga begani. Mzee kutoka kwenye ngazi ananielekeza bila kuniona, kwa kusikiliza tu: "Siyo hapo! Sukuma ncha kwa komeo! Kwa komeo, mama!" Napenyeza, unateleza. Napiga, unaacha alama ya mkwaruzo tu. Nilikuwa naongea na Kulwa kupitia ule mlango, namwahidi mambo, kwamba sitanuna tena, kwamba nitalala godoro lolote. Nguvu zikaniishia, nikapiga magoti.

Simu ikalia. Gesare. "Umemtoa?"

"Mlango umenishinda. Mkweo yupo nje hataki kuingia! Anasema mila!"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema, "Nipeleke kwake. Weka spika."

Nikatoka nje nikanyoosha simu kuelekea kwa mzee. Akainamisha macho kana kwamba mkwewe amesimama pale pale mbele yake, akarudi nyuma hatua.

"Tata," Gesare akasema, yaani baba kwa lugha yao, na sauti ilikuwa inalia. "Ni mimi Gesare. Ingia, tata. Chumba ni changu na nimekuruhusu. Huyo msichana anakufa kwa kitanda yangu. Ingia. Momanyi nitamwambia mimi mwenyewe."

Mzee Ogari alivua kofia akaiweka kwenye ngazi. Akasema neno moja kwa Kikisii, sikulielewa, halikuwa la kwangu. Kisha akapanda.

Ndani alipepesa macho, hajui nyumba ya mwanawe imekaaje, ikabidi nimshike mkono kumwonyesha korido. Akaokota mtaimbo, akapenyeza ncha palepale alipokuwa ananielekeza, akaegemea kwa uzito wake wote. Komeo likang'oka mara moja. Mara moja tu! Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Alimbeba Kulwa mikononi, kutoka kwenye kitanda kile chenye shuka za mkwewe, huku amefumba macho mpaka akajigonga kwenye fremu ya mlango. Akamlaza nje kwenye nyasi. Mimi nikamfungua Limi, akaanza kulia kwa hasira, na sijapata kusikia kilio kitamu vile. Lakini Kulwa hakuwa anapumua, au alikuwa anapumua kidogo nisione. Gesare kwenye simu: "Inua kidevu. Ziba pua. Puliza kwa mdomo, uone kifua kikipanda. Usiwache!" Nikapuliza. Nikapuliza. Tulilala tumbo moja mimi na yeye, nikapuliza mpaka nikaona giza. "Kulwa, mshenzi wewe, usinifanyie hivyo." Nikapuliza tena.

Akakohoa. Akatapika kwenye mapaja yangu. Akafungua jicho moja, halikuwa linanitazama mimi, lilikuwa linatazama mawingu, lakini lilikuwa limefunguka.

Mtu alipita njiani akaona, akakimbia kanisani, na ghafla boma likajaa watu na nguo zao nyeupe za Sabato. Mwalimu mmoja, Mokua, akaleta gari lake mpaka kwenye nyasi, tukawapandisha Kulwa na Limi kupelekwa hospitali Kisii mjini; Shija alikuwa bado hajarudi. Kabla sijaingia nikamtafuta Mzee Ogari. Alikuwa amesogea mbali, amesimama nje ya boma kwenye migomba, kichwa wazi, anajifuta mikono kwenye jani, anajifuta, anajifuta. Hakuna aliyekuwa amemwona mlangoni.

Nyanchama alikuwa ametoka ndani. Ameona mlango ulivyong'oka. Na kofia ya mumewe alikuwa ameishika mkononi.

"Nani alivunja huo mlango?" mwanamume mmoja, shemasi nadhani, akauliza kwa sauti, na watu wote wakanitazama. Mimi ni mwembamba, nguo zinanipwaya. Mtaimbo ule sikuweza hata kuuinua vizuri. Na mdomo wangu, ndugu zangu wanaujua, hauna breki, haujawahi kuficha kitu chochote.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa peke yangu."

Yule shemasi akatazama mikono yangu. Akafungua mdomo aulize tena. Nyanchama akapita katikati yetu, akanishika mikono yote miwili akaifunika kwa yake, na ile kofia nikaihisi imebanwa kati ya vidole vyetu.

"Ni yeye," akawaambia watu wake. "Mwacheni aende na dada yake."

Kulwa yu hai. Anasahau majina ya vitu, wakati mwingine ananiita mimi Kulwa, na Limi anamfundisha maneno huku naye ndio kwanza anayajifunza. Shija alirudi Manga kulipa kioo, wakakataa pesa yake. Alipouliza habari za Mzee Ogari aliambiwa yupo, mzima, ila siku hizi hataki kula chakula ndani ya nyumba yoyote. Mkewe humpelekea nje.