Makaburi Mawili ya Bi Sundus

Kipimo cha maiti kiliombwa mara mbili, na mara zote mbili Nusura alikitoa.

Mara ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, mama yake akiwa amekata roho alfajiri ile ile. Bwana mmoja mwenye kofia ya kufuma alisimama uani akasema wachimbaji wanangoja urefu. Nusura akachana utepe wa bafta kwenye ile sanda iliyokuwa haijakatwa, akaunyoosha kutoka utosini mwa mama yake hadi kwenye nyayo, akaufunga fundo mwishoni, akampa. Saa nne akaja mwingine, ameshuka kwenye boda boda, miguu imejaa udongo mwekundu. "Nyabo, tunaomba kipimo ya mama," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. Nusura alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Alidhani wameupoteza ule wa kwanza, akachana mwingine bila kuuliza.

Saa tano ndipo alipoelewa. Kaka yake mkubwa, Mansur, alipiga simu kutoka Kibuli kumwambia kaburi liko tayari, karibu na babu. Hajaiweka simu chini, ikalia tena. Ilikuwa ya kaka yake wa pili, Jibril, kutoka Nateete: kaburi liko tayari, ubavuni mwa baba. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Nusura alisimama katikati ya ua na ile simu mkononi, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Maiti ilikuwa moja, na jua lilikuwa linapanda.

Ndugu hao wawili walikuwa hawajasemeshana kwa miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana Bi Sundus aliishi kwa binti yake pale Mengo, ambako hakukuwa kwa Mansur wala kwa Jibril. Mansur, mwalimu wa madrasa, alikuja kumwona kila Jumatatu. Jibril, mwenye duka la vipuri, alikuja kila Alhamisi. Ikitokea mmoja amekuta viatu vya mwenzake mlangoni, aligeuka kimya kimya akaenda zake, na Bi Sundus, aliyekuwa akisikia kila hatua iliyokanyaga kokoto za uani, alijifanya hakusikia.

Ugomvi wenyewe ulianza Januari ya mwaka themanini na sita. Vita viliingia mjini kwa barabara ya Masaka, vikapita Nateete, mbele ya nyumba yao. Baba yao alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili, nusu ya mwili imekufa kwa kiharusi. Alifariki siku ya pili ya mapigano. Maji yalikuwa yamekatika na Kibuli hakufikiki. Jibril, wakati huo ana miaka kumi na tisa, alichimba nyuma ya nyumba kwenye migomba, akilala kifudifudi kila risasi zilipokaribia. Walimzika baba yao ndani ya pazia la sebuleni. Nusura alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyeshika ncha ya pili ya lile pazia.

Mansur alirudi baada ya wiki moja, kutoka Jinja. Alilitazama lile tuta, na badala ya kuinua mikono kuomba dua, akasema, "Umemfukia baba kama mbwa." Jibril akamuuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Mansur hakujibu, si siku ile wala miaka yote iliyofuata.

Walipatanishwa mara tatu. Masheikh walikuja, wajomba walikuja, sahani ya pilau ikawekwa katikati. Kila mara wapatanishi walizungumzia maziko: kama pazia linafaa kuwa sanda, kama mtu wa vitani ana udhuru. Kila mara ikaonekana Jibril hakukosea, Mansur akaomba radhi, wakapeana mikono, na wakati wa kuondoka kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyerudi kwenye lile swali lililokosa jibu.

Jibu Nusura alikuwa nalo. Wiki mbili kabla ya kufa, akiwa amelazwa hospitali ya Mulago, mama yake alimwambia asogeze kiti. Alizungumza muda mrefu, akitazama dari. Alipomaliza akasema, "Usiwaambie. Watanichukia, na mimi sitakuwepo kujitetea." Nusura akaahidi.

Sasa alikuwa akimwosha. Aliyeongoza kuosha alikuwa Bi Safinah, mama wa makamo aliyeosha wanawake wa Mengo kwa miaka thelathini. Tangu siku ya kwanza alipomfundisha Nusura kazi hiyo alimwekea sharti moja: mwosha hasemi alichokiona. Makovu, uvimbe, aibu ya mwili wowote, vyote vinabaki kwenye chumba kile. Kwa Bi Safinah hilo halikuwa neno la mdomoni tu. Hata mumewe hakupata kusikia lolote kutoka kwake.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Unaosha sakafu."

Kweli maji yalikuwa yakimwagika chini. Nusura alikuwa amegeuka dirishani kwa mara ya nne. Nje gari la kwanza lilikuwa limefika na jeneza la msikiti wa Kibuli, na nyuma yake gari la pili na jeneza la Nateete. Wanaume walijipanga pande mbili za barabara, wanasalimiana kwa vichwa. Alimsikia mmoja akisema Bi Sundus leo ana magari mawili kama waziri, na wengine wakacheka kidogo, kisha wakaona haya. Adhuhuri ilikuwa imepita. Mtu aligonga akauliza kama maiti iko tayari, na Nusura akajibu bado. Akagonga tena.

Walimpaka kafuri, wakamvisha sanda, wakafunga miguuni na kiunoni. Uso ukabaki wazi, kwa sababu watoto huitwa kuaga kabla ya fundo la mwisho. Bi Safinah alidhani wataitwa mmoja mmoja, kama ilivyokuwa busara. Nusura alifungua mlango akawaita wote wawili, na walipoingia akasukuma komeo.

Mansur alisimama kulia, Jibril kushoto. Walimtazama mama yao tu. Bi Safinah alijivuta kwenye kona akawa anakunja mataulo yaliyolowa.

"Dada," alisema Mansur, "mwambie huyo kwamba watu wa Kibuli wanangoja tangu saa tano."

"Mwambie mwenzako," alisema Jibril, "mama alitaka kulala karibu na mumewe."

Hivyo ndivyo walivyozungumza siku zote, kupitia kwake. Alikuwa amebeba maneno yao tangu ana miaka kumi na mitatu, akiyapunguza makali njiani.

"Leo sibebi ujumbe," alisema Nusura. "Na simfungi mama mpaka mnisikilize."

Aliutazama uso wa mama yake, akaona umetulia kuliko wake yeye, akaanza.

Aliwaeleza yale aliyoambiwa Mulago. Siku zile wanajeshi walikuwa wakiokota vijana barabarani, na mama alipata nafasi moja kwenye lori la mfanyabiashara aliyekwenda Jinja. Alimwambia Mansur apande, mdogo wake atamfuata kesho, na akamwapisha asije akamwambia Jibril kwamba yeye ndiye aliyetangulizwa. Kisha akarudi nyumbani akamwambia Jibril kwamba kaka yake ameondoka na hajui kaenda wapi. Nafasi ya pili hakuitafuta. Baba alikuwa lazima ageuzwe kitandani, ainuliwe, na yeye peke yake asingeweza.

Kwenye kona Bi Safinah alikamua taulo.

"Kwa hiyo alichagua," alisema Jibril.

"Alisema Kaka Mansur alikuwa anatetemeka kila akisikia buti. Akasema ni wewe tu ambaye angeweza kumtegemea."

Mansur aliinamisha kichwa. Miaka yote ile alikuwa amebeba jina la mkimbizi kwa ajili ya kiapo, na sasa aliambiwa mbele ya ndugu yake kwamba alitumwa kwa sababu ya woga wake. Nusura alitamani kulirudisha neno lile, lakini lilikuwa limeshatoka.

Jibril ndiye aliyeinua macho kwanza, na hakumtazama Nusura.

"Uliningoja?"

"Siku tatu," alisema Mansur. "Pale kituo cha mabasi, Jinja. Kila basi lililoingia nilisimama mlangoni mpaka mtu wa mwisho ashuke. Siku ya nne mabasi yakaacha kuja. Nikajua umekataa kunifuata, nikakukasirikia. Nilipofika nyumbani nikakuta baba yuko ardhini na wewe umesimama pale mzima. Sikujua niseme nini, nikasema lile."

"Mimi sikuambiwa niende popote."

"Nimesikia."

Adhana ya alasiri ilianza kutoka mbali, halafu ya pili kutoka msikiti wa karibu. Mansur alijifuta uso kwa kiganja. Akasema, moja kwa moja kwa ndugu yake, kwamba mama apelekwe Nateete. Yeye hajasimama kwenye kaburi la baba tangu siku ile. Watashuka kaburini wote wawili kumpokea.

Jibril alikubali kwa kichwa. Alipoinama kumuaga mama yake hakumbusu. Alisogeza kidogo sanda kwenye paji la uso, kama mtu anayenyoosha shuka la mgonjwa, akarudi nyuma. Nusura aliona hilo. Alifunga fundo la mwisho kwa vidole vilivyokuwa vikiteleza, ikabidi alifungue alifunge tena.

Jeneza lilipotoka, na sauti za wanaume zikapungua kuelekea barabara ya Nateete, Bi Safinah alimaliza kukunja mataulo. Alivaa baibui lake taratibu. Mlangoni akasimama.

"Nimekufundisha vizuri, ila hukushika," alisema. "Siku yangu ikifika, usinioshe wewe."

Hakusema kwa hasira. Nusura aliyachukua mataulo akayafua, akayaanika, akayaanua kabla hayajakauka.

Asubuhi iliyofuata hakuweza kukaa nyumbani na waliokuja kuhani. Alipanda boda boda hadi Kibuli, mahali lilipobaki kaburi lisilo na mtu. Mansur alikuwa amemwambia kwamba wachimbaji wamekataa kulifukia. Walisema shimo lililokwisha kupewa kipimo cha mtu halifukiwi tupu, kwamba lazima lilazwe shina la mgomba kama wanavyofanya watu wa hapa, la sivyo litamdai mwingine wa nyumba ile. Mansur alikuwa amefundisha miaka ishirini kwamba mambo hayo hayamo katika dini.

Alimkuta amesimama kando ya shimo akibishana nao kwa sauti ya chini. Kisha boda boda nyingine ikapanda kilima, na juu yake Jibril, amepakata shina la mgomba refu kama mtoto mkubwa aliyelala. Utomvu ulikuwa umeharibu shati lake. Hakumsalimia Nusura.

"La wapi hilo?" aliuliza Mansur.

"Nyuma ya nyumba. Upande wa baba."

Mansur alilitazama shina, akawatazama wachimbaji, na Nusura akangojea somo. Mansur akauliza tu lina urefu gani. Jibril akatoa mfukoni utepe wa bafta wenye fundo, wakalipima, wakalikata lilipozidi. Halafu wote wawili wakavua viatu wakashuka.

Viatu vilibaki juu, jozi mbili, ukingoni. Nusura alivitazama kwa muda. Katika miaka yote ya Mengo alikuwa hajawahi kuviona pamoja mlangoni. Alizunguka lile shimo, akasimama upande ule, akarudi upande huu. Chini, ndugu zake waliambiana sogeza, inua kidogo, hapo hapo, maneno ya watu wanaofanya kazi. Aliwaza kwamba labda Bi Safinah alikuwa na haki. Aliwaza pia kwamba labda mama yake angeona hivi viatu angesema kitu kingine.

Mansur aliinua kichwa kutoka shimoni. Udongo ulikuwa kwenye ndevu zake.

"Nusura," alisema, "na wewe je? Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mbona lile lori hakukupandisha wewe?"

Jibril naye aliacha kusawazisha udongo, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kule Mulago Nusura alikuwa amekaa kwenye kile kiti saa nzima, akisikiliza habari za kaka zake, na swali hilo halikumjia. Aliinama, akaokota viatu vya Mansur, akavikung'uta udongo, akaviweka, akaokota vya Jibril.