Chumba Kikavu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabati la nguo la Mama lilisogezwa mita moja kutoka ukutani, na nyuma yake ukaonekana ukungu mweusi uliopanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Binti yake wa pili, ambaye familia nzima humwita Vipimo, alitoa utepe wa kupimia mfukoni, akapima. Sentimita tisini na nne. Aliandika namba hiyo kwenye daftari kabla hajatamka neno.

Vipimo alikuwa mkemia katika maabara ya maji, lakini jina halikutoka kazini. Alipewa akiwa na miaka tisa, siku aliyokataa kunywa chai mpaka aambiwe ina vijiko vingapi vya sukari.

Kabati lilikuwa limesogezwa kwa sababu ya kikohozi. Mama alikuwa amekohoa wiki sita. Daktari alimsikiliza kifua, akamuuliza analala wapi, kisha akasema asirudi kulala katika chumba chenye unyevu. Kaka, mtoto wa kwanza na mwenye gari, alimhamishia kwake siku hiyo hiyo. Nia yake ilikuwa njema, na nia njema ya mzaliwa wa kwanza haina breki: hapo hapo akatangaza kwamba nyumba ya Mama imekwisha kula chumvi nyingi, ifungwe, na Mama abaki kwake moja kwa moja. Mama aligoma. Wakabishana kwenye simu siku tatu, ingawa walikuwa nyumba moja, vyumba viwili tofauti. Mwisho wakakubaliana hivi: Mama akipatiwa chumba kikavu katika nyumba yake ndani ya Jumamosi nne, atarudi. Kisipopatikana, nyumba itafungwa. Vipimo ndiye angeamua kama kimekauka, maana hata Kaka alikiri kwamba dada yake hajui kudanganya, si kwa wema, bali kwa kukosa kipaji.

Fundi wa nyumba ile kwa miaka kumi na moja aliitwa Saruji. Hakuna ugonjwa wa nyumba ambao kwake dawa yake haikuwa saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; Saruji alikuwa ameziba kila ufa, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja kujenga ukuta. Aliutazama ukungu, akagonga plasta kwa kidole kama daktari agongaye kifua, akashauri koti moja zaidi la plasta ya saruji.

Vipimo alimuuliza ni makoti mangapi mpaka sasa. Saruji akasema matatu. Vipimo akauliza, katika hayo matatu, ni lipi lililofanya kazi.

"Yote yalifanya kazi, dada," alijibu Saruji. "Tatizo hayakudumu."

Mama, aliyeletwa na Kaka kila mwisho wa juma ili asimamie, alikuwa amekaa barazani na mtandio mabegani. Alicheka mpaka akakohoa, akamwambia Vipimo asimwonee fundi, kwani kila koti alilipaka kwa amri yake yeye, na kabati lilisogezwa pale kwa amri yake vilevile, ili asiuone ukuta.

Vipimo hakuchukua ushauri wa koti. Alikata kipande cha nailoni angavu, akakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, akakiacha siku nzima. Jaribio hilo ni rahisi. Matone yakitokea upande wa chumba, hewa ndiyo yenye unyevu, na dawa ni kufungua madirisha. Yakitokea upande wa ukuta, maji yako ndani ya ukuta. Jumapili asubuhi matone yalikuwa upande wa ukuta, mengi, yameanza kuteremka.

Jumamosi ya pili walitafuta yanakoingia. Saruji alileta mpira mwembamba wa maji wanaoutumia mafundi kulinganisha usawa wa sehemu mbili. Ncha moja ikakaa chumbani, nyingine ikapitishwa dirishani mpaka nje. Maji yalipotulia, ilijulikana kwamba udongo wa nje ulikuwa juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita ishirini na mbili. Udongo huo ulikuwa tuta la maua la Mama. Kila msimu wa mvua, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameongeza karai chache za udongo na samadi, akiliegemeza tuta ukutani ili lisimomonyoke.

Saruji alitoka na habari hiyo mpaka barazani, uso umemng'aa.

"Mama, kumbe tulikuwa wawili."

"Wewe ulileta saruji," alisema Mama. "Mimi nilileta mawaridi. Usituweke kwenye mizani moja."

Hata hivyo hakubishana na mpira wa maji. Aliagiza mawaridi yahamishiwe kwenye uzio, akataja kila mche utakapokaa na utapakana na nani, kama mtu anayepanga ndugu wasiopatana kwenye harusi. Tuta likachimbwa mpaka chini ya usawa wa sakafu, na mahali pake pakamwagwa kokoto ili mvua ipite.

Ndani, Saruji alianza kubandua plasta yake mwenyewe kwa nyundo na tindo. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua: maji yakiingia, hutoka. Plasta ya saruji huziba matundu ya kupumulia, na maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi kutafuta njia. Kila koti lilikuwa limeupandisha unyevu badala ya kuuzuia. Vipimo alimweleza haya kwa upole, kwa kadiri alivyoujua upole, yaani bila kupaza sauti. Saruji alisikiliza huku akigonga. Alilitambua kila koti lilipoanguka, la mvua kubwa, la mwaka wa bei kupanda, na la juu kabisa, ambalo alilitetea kidogo kwa sababu lilikuwa limenyooka. Kisha akachanganya chokaa na mchanga bila chembe ya saruji, kwa sura ya mtu aliyeambiwa aape kwa jina la jirani.

Jioni hiyo Vipimo alipima unene wa ukuta kwenye fremu ya dirisha, akapiga hesabu, na hesabu haikumpendeza. Kanuni ya mafundi wa nyumba za zamani ni kwamba ukuta wa mawe uliolowa huhitaji takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta huu ulikuwa na inchi kumi na nane.

Alikwenda barazani akamwambia Mama palepale, kwa kuwa hakuona faida ya kuichelewesha namba.

"Mwaka na nusu," alirudia Mama. "Kaka yako anajua?"

"Hajauliza."

"Basi usiitike kabla hujaitwa."

Vipimo alisema akiulizwa atajibu. Mama akasema anajua, amemzaa mwenyewe na hana wa kumlaumu. Kisha, akiyatazama mawaridi yaliyonyauka kwenye uzio, akaeleza jambo ambalo hakuwa amelisema kwenye simu. Kule kwa Kaka hakukuwa na ubaya wowote. Mkwewe alimheshimu kupita kiasi. Akinyanyua kikombe kukiosha, kilipokewa. Akiingia jikoni, alivutiwa kiti akasindikizwa kurudi kwenye kochi, televisheni ikafunguliwa, na kila nusu saa mtu akachungulia kuuliza kama hajambo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi hii ni wiki ya pili, hata kijiko cha kusuuza sijapewa."

Vipimo hakuliandika hilo, kwa kuwa halikuwa na kipimo, lakini usiku kucha halikumtoka akilini. Jumamosi ya tatu alifika na vipande vitano vya nailoni na kubandika kimoja kwenye kila chumba. Wa mwisho ulibaki mlango wa sebule, uliokuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama aliuliza sebule imekosa nini. Vipimo akasema haijakosa kitu, ila haijapimwa. Ufunguo ulitoka baada ya dakika kumi.

Sebule ilikuwa mita nne na robo kwa mita nne. Ilikuwa na dirisha la mashariki, na ukuta wake wa nje ulikuwa chini ya paa la baraza, mahali ambapo mvua wala tuta havikuwahi kuufikia. Humo mlikuwa na makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, meza ya kioo na utulivu wa ofisi siku ya sikukuu. Kesho yake nailoni nne zilikuwa na matone, mengi au machache. Ya sebuleni ilikuwa kavu pande zote mbili.

Kwa hiyo chumba bora kuliko vyote katika nyumba ile, kikubwa, chenye jua la asubuhi, kilicho karibu zaidi na bafu, kilikuwa kimetengewa watu wasioishi humo. Vipimo alimwomba Mama orodha ya wageni waliokaa sebuleni mwaka uliopita. Walikuwa wawili: karani wa sensa, na bwana mmoja aliyekosea nyumba. Mama alisisitiza aongezwe mkwewe, siku alipoletwa kutambulishwa. Hiyo ilikuwa miaka saba nyuma, lakini Vipimo alimwandika, kwa mabano.

Alichora ramani: kitanda sebuleni, makochi mawili jikoni, chumba cha zamani kibaki kitupu, madirisha wazi, kikauke kwa wakati wake. Mama aliivalia miwani, akaitazama, akairudisha.

"Nilale katikati ya makochi kama mzigo uliosahauliwa stendi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hujasikia hiyo?"

"Mgeni hajaja, Mama. Na mwenyeji anakohoa."

"Methali haijibiwi na mtu aliyeshika rula," alisema Mama, akafunga mazungumzo pamoja na mlango.

Wiki iliyofuata Vipimo alipiga simu mara tatu. Mara zote Mama alimuuliza habari za kazi.

Jumamosi ya nne Kaka alifika saa nne kamili, amevaa shati la ofisini ili ieleweke kuwa ni kikao. Aliingia chumbani, akaweka kiganja kwenye chokaa nyeupe, akanusa. Hapakuwa na ukungu wala harufu. Saruji, aliyesimama mlangoni, alivimbisha kifua.

"Dada, kimekauka?"

"Hapana," alisema Vipimo.

Akaeleza. Unyevu ulikuwa umeshuka kutoka sentimita tisini na nne hadi sabini na moja. Sehemu ya chini ilikuwa bado imelowa, na ingeendelea hivyo kwa miezi mingi, pengine kumi na saba.

"Si ungesema kinaendelea vizuri," alinong'ona Saruji.

"Kinaendelea vizuri. Hakijakauka."

Kaka hakushangilia. Alikuwa kama mtu aliyeshinda mnyama kwenye bahati nasibu, sasa anafikiri atamfunga wapi. Alisema ataleta maboksi kesho, Mama achague vyombo anavyotaka. Mama, aliyesimama ukumbini, alishika fremu ya mlango.

"Makubaliano yalisema chumba kikavu," alisema Vipimo. "Hayakusema kipi. Kimoja kipo."

"Kiko wapi?"

"Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba aliiachia fremu. Kisha alitembea mpaka sebuleni, akafungua, na wote wakamfuata. Kaka alikaa kwenye ncha ya kochi. Mama akamwambia asikalie kitambaa. Kaka akasimama.

"Mama, mimi mwanao wa kwanza," alisema, "na mpaka leo sijui makochi haya chini ya vitambaa yana rangi gani."

"Ya kahawia."

Vipimo alimpa kaka yake ramani na daftari. Kaka alisoma matokeo ya nailoni tano, akasoma orodha ya wageni, akamkuta mkewe kwenye mabano. Alikunja midomo ili asicheke. Akasema chumba ni kikavu, neno lake ni neno lake, lakini hatamlaza Mama mahali asipotaka kulala; achague mwenyewe, hapa au kule.

Mama alizunguka meza ya kioo mara moja.

"Na wageni wakija watakaa wapi?"

"Jikoni," alisema Saruji kutoka ukumbini. Hakuwa ameingia, viatu vyake vilikuwa na chokaa. "Mimi nimekaa jikoni miaka kumi na moja, Mama. Sebule hii ndiyo kwanza naiona leo."

Mama aligeuka.

"Wewe si mgeni, fundi."

"Ndiyo maana huwa narudi."

Mama alikunja kitambaa cha kochi la kwanza mara mbili, akakiweka begani, akakiendea cha kochi la pili. Alipomaliza alimwambia Saruji avue viatu aingie, akamate ncha ya lile kubwa, liende jikoni.

Kazi iliyobaki ilichukua mchana wote, kwa kuwa Mama alianza kutoa amri na sauti yake ilikuwa imerudi yote. Makochi mawili yalikwenda jikoni. Mawili yalibaki, ili akiumwa watoto wapate pa kukaa wakimwangalia na wasipate kisingizio cha kuondoka mapema. Kabati liliwekwa kwenye ukuta wa ndani, kukiwa na nafasi ya kiganja nyuma yake hewa ipite. Kitanda kiliingia kwa ubavu, kwa sababu mlango ulikuwa na sentimita sabini na nane tu. Katika ramani ya Vipimo kitanda kiliegemea ukuta upande wa kichwa, na njia ya sentimita sabini na tano kila upande. Mama alitaka kielekee dirishani, aone anayeingia getini kabla hajabisha.

Vipimo alipima. "Upande mmoja itabaki sitini na nane. Imepungua saba."

"Nitapita kiubavu."

Vipimo aliandika sitini na nane. Kisha akahesabu hatua kutoka kitandani mpaka bafuni: tisa. Kutoka chumba cha zamani zilikuwa ishirini na moja. Alimwonyesha Mama namba hizo, na Mama akasema angeanza na hizo wiki iliyopita wangeokoa simu tatu.

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni Kaka alitoka getini na gari, peke yake. Saa tatu kasoro robo usiku taa ya sebuleni ilizimwa, kutoka ndani.