Mguu wa Kusimama Mbele ya Tanuri

Dada yangu ni mwoka mikate, na mguu wake wa kulia ni wa bandia. Mguu huo ulikuwa na kasoro moja tu: kila akisimama mbele ya tanuri, kikombe cha plastiki kinachoshika kigutu chake kililegea kwa joto, naye akaanza kuyumba. Mwenye bekari akamhamishia dirishani, auze. Alisema kama hali haitabadilika kufikia mwisho wa mwezi, tanuri litapewa mtu mwingine. Dada auze! Kwa ulimi ule, wateja wangehama mtaa.

Vikombe hivyo ninavitengeneza mimi, kwa hiyo lawama zote zilikuwa zangu.

"Mdogo wangu, ulinitengenezea mguu au mshumaa?" aliniuliza.

Nikaanza kuchanganya plastiki na unga wa udongo maalumu, uliosagwa mpaka ukawa chembe za nano, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Zikitawanyika vizuri, chembe hizo huizuia plastiki isilegee upesi. Mimi na papara zangu nikaona kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Nikajaza. Unga ukashikana madonge, na kikombe kikapasuka nilipokikanyaga. Kwa hasira nikakirusha ukutani, kikapasuka tena.

Safari ya pili nilitia unga kidogo. Nikaukoroga kwanza ndani ya plastiki kidogo iliyoyeyuka, ndipo nikaongeza iliyobaki. Nilipokata kipande kukichungulia, sikuona donge hata moja.

Dada hakutaka kusikia habari za mashine zangu za kupimia. "Kipime kwangu," alisema. Tukaweka kikombe cha zamani na kipya mbele ya tanuri, pale pale alipokuwa akisimama, kila kimoja kimebebeshwa mfuko wa ngano. Cha zamani kikabonyea upande kabla mikate haijaiva. Kipya kikatulia tuli.

Siku ya kukivaa nilisimama mlangoni, macho hayabanduki kwenye goti lake. Mwenye bekari alikuwa kando yangu, amefumbata mikono. Dada akaingiza mikate, akaitoa, akaingiza mingine, jasho likimtiririka. Nilikuwa nasubiri ayumbe.

"Wewe!" akafoka. "Unaangalia nini huko chini?"

"Mguu, dada."

"Mguu gani?"

Alishangaa kweli. Alikuwa ameusahau. Nikatoka nje kulia kwa furaha, na mwenye bekari akaenda kukaa dirishani mwenyewe.