Nyumba ya Mama, Moja kwa Mia

Jana mchana, baada ya kula, mzee Anselmo Figueira alisinzia kwenye meza yake ya kuchorea, pale Tanga, akaota.

Alikuwa ametoka Goa akiwa kijana, akamwahidi mama yake kwamba atamjengea nyumba. Serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora majengo: posta, mahakama, stesheni. Mama akafariki kabla stesheni haijaezekwa. Ramani ya nyumba yake ikabaki mezani, na hadi leo kila Jumapili Anselmo huirekebisha.

Ndotoni, posta inabisha hodi. Imekuja kwa miguu.

"Una mgeni," inasema. "Amekaa kwenye sanduku langu miaka ishirini."

Mama anatoka kwenye tundu la barua. Kimo chake hakizidi ukucha wa kidole gumba.

"Mbona mdogo hivi?" anauliza Anselmo.

"Kanuni," inajibu rula. "Nyumba imechorwa kwa kipimo cha moja kwa mia. Mwenye nyumba hawezi kuizidi nyumba yake."

Mama anaingia ndani ya ramani, anakagua jiko.

"Mama, Kiswahili umejifunza wapi?"

"Kwenye barua zako. Kila mwaka Kikonkani chetu kilipungua. Ningefanyaje?"

Anselmo anaomba naye aingie. Rula inampima, inatikisa kichwa.

Mara meza ni sitaha ya meli. Anselmo ana miaka ishirini na tatu na sanduku moja la bati. Mama yuko gatini, mdogo vilevile, kwa kuwa meli imeshaondoka. Anasema neno. Honi inalia, neno linapotea, kama lilivyopotea siku ile.

Wanarudi mezani. Anselmo anainama mpaka sikio linagusa karatasi.

"Mama, pale gatini ulisema nini?"

"Nilisema usijenge kubwa. Sitaweza kufagia."

Akaamka. Binti yake, Filomena, alikuwa amesimama na kikombe cha chai.

"Baba, umelalia wino. Sikio lote jeusi."

Anselmo alikuwa akiitazama ramani. Asubuhi alikuwa amefuta mistari mingi, na chembe za raba zilitapakaa kila chumba. Sasa vyumba vitatu vilikuwa safi, na chembe zake zimekusanywa rundo moja dogo nje ya mlango wa nyuma, kama punje ya ulezi.

Filomena akainama azipulize.

"Ziache, mwanangu," Anselmo akasema taratibu. "Bado hajafika sebuleni."